Kutumia Ardhi bila Kuimiliki: Hali ya Kijamii na Kiuchumi ya Wanawake Wazee Karagwe na Kyerwa, Mkoani Kagera

Kwa kigezo cha idadi ya watu, Tanzania bado ni nchi ya vijana: katika Sensa ya mwaka 2012, watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.6 tu. Hata hivyo, kuzeeka kwa jamii hakupimwi kwa uwiano wa kitaifa pekee. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, kaya nyingi zilipoteza kizazi cha kati, zikabaki na bibi na wajukuu. Makala haya yanaeleza kwa nini, katika mazingira ya vijijini kama ya kata ya Rugera, uzee humwelemea mwanamke kuliko mwanamume. Hoja ya msingi ni kwamba chanzo cha unyonge huo si umri wenyewe, bali ni haki za kiuchumi zilizojengwa juu ya uhai na hisani ya watu wengine.

Mhimili wa maisha katika wilaya hizi ni kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Mwanamke hupanda, hupalilia na kuvuna humo maisha yake yote, lakini kwa mila kibanja hurithiwa kwa ukoo wa baba. Sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Na. 436, ziliruhusu mwanamke kupewa ardhi ya ukoo aitumie, si kuiuza. Mjane hakuwa na fungu katika urithi iwapo marehemu aliacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Kanuni hiyo ilichukulia kwamba watoto wataishi kuliko mama. Wanapotangulia kufa, fungu hilo hukosa mlipaji, na mama huongezewa wajukuu wa kulea.

Uzito wa suala hili ulidhihirika katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililotoka Wilaya ya Muleba, mkoani humo humo. Holaria alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipoona anazeeka na hana wa kumtunza, aliiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alidai mahakamani kuwa mauzo hayo ni batili kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi hiyo. Baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka usawa huo waziwazi.

Pamoja na hayo, haki ya ardhi haitoshi pale nguvu za kuilima zinapokwisha. Pensheni ya mifuko ya hifadhi ya jamii hutokana na michango, ambayo aghalabu hukatwa kwenye mshahara. Mkulima wa kibanja hana mshahara. Huko Nshamba, Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee, wengi wao wakiwa bibi wanaolea yatima, fedha kidogo kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila sharti la michango.

Umuhimu wa malipo ya aina hii hauko katika kiasi tu. Hulipwa kwa jina la mzee mwenyewe, awe ana mume na watoto au hana. Kwa mwanamke ambaye kibanja alichokihudumia kimeandikwa kwa jina la mwingine, hiyo yaweza kuwa mali ya kwanza isiyohitaji idhini ya ukoo. Kwa hiyo, sera ya wazee inayotenganisha umiliki wa ardhi na pensheni hugusa nusu tu ya tatizo.