Promo ya Zawadi Itakupa Nambari za Simu. Je, Itakupa Wateja?

Ukipita mjini Migori siku ya soko, hasa Desemba ikikaribia, bango la aina hii hulikosi: "Andika jina na nambari ya simu, ushinde TV." Meza iko nje ya duka, spika inapiga muziki, daftari limefunguliwa na foleni ni ndefu. Jioni mwenye duka anahesabu nambari 600 na kuona kwamba sasa ana watu wa kutumia matangazo mwaka mzima.

Lakini je, orodha hiyo ina faida yoyote? Hili ni swali la kila mfanyabiashara wa hapa Suna, na pia wa Rongo, Awendo, Isebania na Homa Bay, kwa sababu pesa za promo hutoka kwa mtaji uleule wa kununua stoki. Jibu letu fupi ni hili: zawadi inaweza kujenga orodha nzuri, lakini tu kama inatakiwa na mtu yuleyule anayehitaji bidhaa yako. Zawadi inayotakiwa na kila mtu hukuletea kila mtu, na kila mtu si mteja wako.

Wamefuata zawadi au wamekufuata wewe?

Tuseme una agrovet. Unauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Ukiweka TV kama zawadi, atajiandikisha mwanafunzi wa chuo, mtu wa boda boda, na msafiri wa kwenda Sirari aliyeshuka matatu kununua maji. Wote wanataka TV, na hawana kosa. Ila daftari lako sasa haliwezi kukuambia nani analima mahindi, nani anafuga kuku na nani hana hata kipande cha shamba.

Kuna tatizo lingine pia. Watu wengi wana laini mbili au tatu. Kwenye promo mtu huandika ile laini asiyoitumia sana, maana anajua matangazo yatafuata. Mwingine huandika nambari yake, ya mke na ya shemeji ili aongeze nafasi ya kushinda. Kumbe nambari 600 si watu 600.

Tufanye hesabu

Hizi ni hesabu za mfano tu. Weka zako mwenyewe uone.

Promo ya kwanza: TV ya shilingi 20,000, bango na spika shilingi 3,000. Umepata nambari 600. Ukituma SMS 4 kwa kila nambari, na kila SMS ni shilingi 1, hiyo ni 2,400. Jumla ni shilingi 25,400. Tuseme katika hao 600, watu 12 walirudi kununua. Kila mteja amekugharimu takriban shilingi 2,117.

Promo ya pili: hakuna TV wala droo. Kabla ya mvua ndefu za Machi, kila anayenunua mbegu na kukubali kupokea ujumbe wako anapewa glavu na barakoa ya kunyunyizia dawa, za shilingi 100. Umepata nambari 90 tu. Zawadi ni 9,000, kadi za kujaza ni 1,000, SMS 4 kwa kila mmoja ni 360. Jumla ni shilingi 10,360. Wakirudi 36, kila mteja amekugharimu kama shilingi 288.

Ukiangalia daftari, promo ya kwanza imeshinda kwa mbali: 600 dhidi ya 90. Ukiangalia mauzo, hadithi ni tofauti kabisa. Ndiyo maana tunasema usihesabu gharama kwa kila nambari, hesabu gharama kwa kila mteja aliyerudi.

Orodha mbovu ina gharama hata baada ya promo

Wengine husema, "SMS ni shilingi moja, si kitu." Lakini nambari 500 zisizo na kazi, ujumbe mara mbili kwa mwezi, ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Halafu kuna urefu wa ujumbe. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe uliodhani ni mmoja unaweza kuhesabiwa mara mbili au tatu.

Kwa wenye hoteli na nyumba za wageni kule Homa Bay na Mbita, ambao wageni wao wengi hutumia barua pepe, hatari ni kubwa zaidi. Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma barua pepe nyingi kwa watumiaji wa Gmail wahakikishe malalamiko ya spamu hayafiki asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Mtu aliyejiandikisha kwa ajili ya zawadi tu ndiye wa kwanza kubonyeza "spamu". Wakiwa wengi, hata mgeni wako wa kweli anaweza asiione barua yako, kwa sababu itaangukia kwenye folda ambayo hafungui.

WhatsApp nayo ina chujio lake. Ukituma kwa orodha ya matangazo kwenye WhatsApp Business, ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi nambari yako kwenye simu yake, na orodha moja haizidi watu 256. Wengi huona hiyo ni kero. Sisi tunaiona ni kipimo kizuri: mtu aliyejisumbua kuhifadhi nambari ya duka lako ana sababu.

Zawadi inayochuja watu

Kabla ya kuchagua zawadi, jiulize: mtu asiyenunua bidhaa zangu, ataitaka? Akiitaka, tafuta nyingine.

- Saluni: kusukwa nusu bei mara ya pili, si simu mpya.
- Duka la vyakula: mteja akinunua mara tano, mara ya sita apate kilo ya sukari kwa bei nafuu.
- Muuza omena na samaki: bei ya jumla kwa hoteli zinazoagiza kila wiki.
- Fundi nguo: marekebisho ya bure kwa sare zilizoshonwa kwake.

Zawadi ndogo kwa kila mnunuzi ina faida moja zaidi: haina bahati nasibu. Droo ambayo lazima mtu anunue ndipo aingie inakaribia sana mambo ya michezo ya kubahatisha, na hiyo inasimamiwa na sheria za serikali. Ukitaka kufanya droo, ulizia kibali kabla ya kuchapisha bango.

Kisha usikae kimya miezi mitatu. Tuma ujumbe wa kwanza ndani ya siku mbili, ukijitaja jina: "Hii ni agrovet ya karibu na stendi, asante kwa kununua mbegu." Mtu akisahau ulipata wapi nambari yake, atakuona kama tapeli.

Nambari ni ya mteja, si yako

Hapa wengi huteleza. Mteja akilipa kwa till yako, amekubali kulipa tu. Hajakubali kutumiwa matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake, na kanuni za 2021 zinataka umpe njia rahisi ya kujiondoa. Ule mstari wa STOP *456*9*5# unaouona mwisho wa matangazo mengi kwenye laini za Safaricom upo kwa kazi hiyo.

Biashara nyingi ndogo, zenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, hazilazimishwi kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini kutojisajili si ruhusa ya kuvunja sheria. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa hiyo ukitaka kupiga picha ya mshindi akiwa na zawadi, muulize kwanza.

Kwenye kadi andika mstari mmoja unaoeleweka: "Nakubali duka hili linitumie ujumbe kuhusu bidhaa na bei. Naweza kujiondoa wakati wowote." Acha kisanduku mteja aweke tiki mwenyewe. Asiyeweka tiki, mpe zawadi yake na usimtumie chochote. Na usichukue nambari za watoto walio chini ya miaka 18 bila ruhusa ya mzazi.

Daftari lililo wazi ni zawadi kwa matapeli

Daftari la mezani lenye majina, nambari za simu na nambari za kitambulisho linasomwa na kila aliye kwenye foleni. Mmoja akipiga picha ukurasa, kesho yake mteja wako anapigiwa: "Hongera, umeshinda ile TV ya pale Migori. Tuma shilingi 500 za usafirishaji." Anaamini, kwa sababu ni kweli alijiandikisha. Akipoteza pesa, lawama itarudi dukani kwako.

Tumia kadi moja kwa kila mtu na sanduku lenye kufuli. Usiombe nambari ya kitambulisho kama huihitaji. Na uandike kwenye bango, kwa herufi kubwa: MSHINDI HALIPI CHOCHOTE, NA HATUTAOMBA PIN YAKO.

Ipime kwa siku 60

Usiamini hisia. Fanya hivi:

1. Andika tarehe ya promo na jumla ya pesa zote ulizotumia.
2. Baada ya siku 60, chukua kadi zako na uhesabu wangapi wamerudi kununua bila zawadi yoyote. Wape msimbo mfupi wa kutaja wakilipa, ili iwe rahisi kuhesabu.
3. Linganisha na wateja walionunua wiki zilezile bila kupewa zawadi. Wangapi kati yao walirudi? Kama ni sawasawa, basi zawadi haikufanya kazi. Watu wangerudi tu.
4. Gawanya gharama kwa idadi ya waliorudi. Kama kila mmoja amekugharimu zaidi ya faida unayopata kwake kwa msimu mzima, badilisha zawadi au acha kabisa.
5. Nambari ambazo hazijajibu wala kununua kwa miezi sita, zifute.

Hatua ya tano huwauma wengi. Kufuta nambari 300 ni kama kutupa mali. Lakini ukibaki na watu 80 wanaokujua, unaweza kuwaandikia kwa lugha yao, ukajua nani analima miwa upande wa Awendo na nani anafuga, ukamwambia kila mmoja kitu kinachomhusu. Agrovet ikimjulisha mfugaji siku chanjo ya kuku itakapofika, ataisoma SMS hiyo mpaka mwisho, na atakuja.