Sketi ya neti iliyomuua binti wa Paris

Leo naomba tuzungumze habari ya sketi. Si hizi za kuvalia ofisini, hapana. Ni ile sketi fupi ya neti iliyotandazwa kiunoni kama sinia, wanayovaa akina dada wa Ulaya wakicheza ngoma yao ya kusimama kwa ncha za vidole, yaani baleti. Sketi hiyo inaitwa tutu. Haina undugu wowote na Askofu Desmond Tutu! Jina lake limetokana na neno la kitoto la Kifaransa lenye maana ya makalio. Msinicheke, ndivyo ilivyo.

Nimeichagua kwa sababu moja. Huku kwetu Mvumi, wasichana wakitoka kucheza ngoma mbele ya watu, kitu cha kwanza kutazamwa ni urefu wa nguo. Mikono inapiga nini, miguu inafanya nini, hakuna anayejali. Mimi nasema anayetaka kulijadili vazi la mchezaji aanze kwa kuuliza limekatwa hivyo kwa ajili ya kazi gani.

ALIPANDISHA PINDO, MJI UKAWAKA

Zamani huko Ufaransa, mcheza baleti wa kike alivaa gauni zito linaloburuza, sawa na mabibi wa jumba la mfalme. Wanaume waliruka watakavyo. Mwanamke alionekana kama anateleza tu, miguu haionekani.

Akatokea Marie Camargo, aliyeanza kucheza Opera ya Paris mwaka 1726. Dada huyu alikuwa hodari wa kuruka na kupishanisha miguu hewani kama wanaume. Sasa uhodari huo utauonaje ikiwa umefunikwa? Akapandisha pindo juu ya kifundo cha mguu. Kifundo tu, jamani! Lakini maneno yalizagaa mjini kana kwamba katoka bila nguo.

Tarehe 12 Machi, 1832, ikawa zamu ya Marie Taglioni. Baba yake, Filippo, alimtungia mchezo ulioitwa La Sylphide, wa jini la kike linalopaa. Akavaa sketi nyeupe nyepesi kama ukungu, iliyoishia juu ya vifundo ili watu waone anavyosimama kwa ncha za vidole. Mtindo huo ukaenea kote Ulaya. Neti nayo ilikuwa imeshakuwa rahisi kupatikana, kwa kuwa Muingereza John Heathcoat alikuwa ametengeneza mashine ya kuifuma mwaka 1809.

Kwenye miaka ya 1880 wakaja Wataliano na mizunguko ya kasi na mateke ya juu. Sketi ikazidi kupanda mpaka juu ya magoti, na baadaye ikawa ndiyo hiyo tutu ya sinia tunayoiona leo. Kwa hiyo kila mguu ulipopata kazi mpya, mkasi ulifuata.

NGUO ILIFIKA NA MVUMI

Utasema haya ni ya Wazungu, sisi Wagogo yanatuhusu nini? Subiri kidogo.

Mwaka 1833, mwaka mmoja tu baada ya Taglioni kuvaa ile sketi yake, Marekani na Sultani aliyeitawala Zanzibar walitia saini mkataba wa biashara. Pamba ya Marekani ikamiminika pwani, ndiyo maana mpaka leo kitambaa kile tunakiita merikani. Misafara ikakibeba hadi bara, na kila aliyepita Ugogo alitozwa hongo, nayo ililipwa kwa nguo. Hata Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alipita hapa hapa Mvumi na kulipa. Baada ya merikani na kaniki zikaja kanga na vitenge. Wachezaji wetu nao walibadili mavazi, kama wale wa Paris.

Na leo hata baleti yenyewe imefika Afrika Mashariki. Watoto wa Kibera, Nairobi, wamefundishwa na mwalimu Mike Wamaya. Kijana mwingine wa Nairobi, Joel Kioko, alikwenda London mwaka 2017 kusoma katika shule ya English National Ballet.

MOTO

Sasa nikupe kisa cha kusikitisha. Emma Livry alikuwa mwanafunzi wa Taglioni, nyota wa Opera ya Paris. Enzi hizo jukwaa liliwashwa kwa taa za gesi, na sketi za wachezaji zilishika moto kama karatasi. Ilikuwepo dawa ya kuzichovya zisiwake, na serikali ilishaagiza itumike. Lakini dawa hiyo iliikakamaza sketi na kuifubaza. Emma akakataa. Mwaka 1860 aliandika barua kusema atacheza na sketi yake ya kawaida na lawama atabeba mwenyewe.

Tarehe 15 Novemba, 1862, wakiwa mazoezini, sketi yake ilishika moto wa taa. Alikimbia jukwaani akiwaka. Aliteseka miezi minane, akafa Julai 26, 1863. Alikuwa na miaka 20.

Najua wapo watakaosema kajitakia. Haya, lakini nani alimtaka awe mweupe kama wingu kila usiku? Ni watazamaji waliolipa kiingilio. Mchezaji mwenye sketi iliyofubaa angepata kazi wapi? Na taa za gesi zilizo wazi zilikuwa za wenye ukumbi, si zake. Waliotazama walirudi nyumbani kulala, yeye akaungua.

HAPA KWETU JE?

Sisi nasi tumeshagombana sana kwa ajili ya pindo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1, 1969. Hata siku hiyo haijafika, Kariakoo wasichana walishavamiwa na makundi ya vijana kwa sababu ya sketi zao. Eti ni kulinda utamaduni!

Juzijuzi nimeyaona mengine. Kwenye mahafali ya shule moja ya huku, kamati iliamua wasichana wa muheme washonewe magauni marefu ya kubana, wawe na heshima. Msomaji usiyemjua Mgogo, muheme ni ngoma ya kinamama. Mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja. Sasa ndani ya gauni la kubana utaibana vipi?

Ngoma zilianza kuteleza. Wasichana wakayavuta magauni juu, juu zaidi, mpaka mapaja yote nje. Watu wakacheka, wazee wakakunja uso, na waliosemwa ni wasichana. Wanakamati walikaa kimya kwenye viti vya mbele.

Kinamama wa zamani walilijua hilo. Kanga pana ikifungwa vizuri kiunoni, miguu inapata nafasi, ngoma inakaa, na mikunjo inaangukia huku na huku kufunika. Heshima ipo na kazi inafanyika. Si ajabu Wagogo wenzetu Pendo na Leah Zawose, The Zawose Queens, wa ukoo wa marehemu Hukwe Zawose, wamefika majukwaa ya ng'ambo na mwaka 2024 wakatoa albamu yao, Maisha.

Basi ombi langu kwa walimu, wachungaji na wazazi ni dogo. Kabla hamjampeleka fundi cherehani kitambaa, waiteni wachezaji wenyewe. Wapeni vazi na ngoma, wapige dakika kumi, wachuchumae, waruke, wainuke. Likikataa, lirudi kwa fundi, msimrudi msichana.

Tukijaliwa uzima, tukutane wiki ijayo.