Maana na Matumizi ya Kivumishi "Uxorious"
Kivumishi "uxorious", ambacho ni nadra katika Kiingereza, humweleza mwanamume ampendaye mkewe kupita kiasi. Asili yake ni neno la Kilatini "uxor", yaani mke. John Milton, katika Paradise Lost (1667), alikitumia kumhusu Mfalme Sulemani, ambaye wakeze walimvuta hadi akaiabudu miungu yao. Hapo kivumishi ni lawama tupu. Ugumu wa mfasiri huanzia papo hapo. "Aliyekaliwa na mkewe" hudokeza woga, ilhali kiini cha "uxorious" ni mahaba, na hata utii hutokana nayo. "Ampendaye mkewe" nako hufuta lawama yote. Fasiri iliyo karibu zaidi ni "aliyepumbazwa na penzi la mkewe", ijapokuwa ufupi wa neno hupotea.