Homa ya papasi: bakteria abadiliye vazi ndani ya damu

Je, wajua kwamba homa ya papasi hupoa yenyewe, mgonjwa akarudi shambani akijua amepona, kisha baada ya wiki moja hivi ikamwangusha tena? Anayeileta ni bakteria mwembamba aliyejisokota, Borrelia duttonii. Jina lake ni kumbukumbu ya Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyefariki mwaka 1905 huko Kasongo, Kongo, kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza.

Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, kama za nyumba za tembe mkoani Dodoma. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala na kumwachia bakteria huyo, na kabla hakujakucha amesharudi ufani.

Bakteria akishaingia huzaana katika damu, na joto la mwili hupanda. Mwili nao haulali. Seli za kinga huitambua protini iliyomfunika bakteria, hutengeneza kingamwili za kuishika protini hiyo hasa, na katika siku chache karibu bakteria wote hufa. Homa hushuka.

Karibu wote, lakini si wote. Bakteria huyu amebeba akiba ya jeni nyingi za protini ya kujivika, ila hutumia moja tu kwa wakati, nyingine zimenyamaza. Kwa ndugu yake wa Amerika ya Kaskazini, Borrelia hermsii, watafiti waliona kuwa kati ya bakteria 1,000 hadi 10,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huinakili jeni iliyonyamaza na kuiweka mahali pa ile inayotumika. Kutokana na bakteria mmoja tu walipata aina zaidi ya 20 za vazi. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba mabadiliko haya hayangoji kingamwili. Aliyevaa vazi jipya yumo tayari. Wenzake wakifa, yeye hubaki, huzaana, na homa hurudi hadi mwili utengeneze kingamwili nyingine.

Kwa mama mjamzito homa hii ni hatari kubwa, kwani huweza kuharibu mimba au kumuua mtoto mchanga. Dawa zipo, tetrasaiklini na penisilini zikiwamo. Kikwazo ni kuitambua: kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kumwona bakteria huyu. Kwa hiyo homa ikikurudia na malaria haionekani, mweleze daktari ulilala nyumba ya namna gani, na omba damu yako itazamwe kwa hadubini wakati homa ingali juu.