Pedi za breki: Nafuu ya dukani yapotelea mteremkoni

Mwenye Noah ya abiria inayofanya safari kati ya Bukoba na Muleba anapoingia kwenye duka la vipuri huwekewa mezani maboksi mawili au matatu ya pedi za breki. Zote zinaingia kwenye gari lake bila shida, lakini bei zake zaweza kupishana mara mbili na zaidi. Muuzaji husema hii ni "orijino" na ile ni "ya kawaida", na mnunuzi huamua kwa kuangalia fedha aliyo nayo mfukoni. Mara chache sana mmoja wao huuliza swali la msingi: pedi hiyo imetengenezwa kwa kitu gani, na inastahimili joto kiasi gani?

Kazi ya pedi ni kubana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Katika miji iliyo tambarare suala hilo si kubwa sana. Kagera ni habari nyingine. Mji wa Bukoba uko kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake kuna miinuko inayozidi mita 1,300. Dereva anayeingia mjini kwa mteremko wa Nyangoye, au anayeshuka kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe akiwa na abiria na mikungu ya ndizi juu ya keria, hutumia breki kwa namna ambayo mwenzake wa barabara tambarare haijui.

Hesabu yake ni rahisi. Gari lenye uzito wa tani mbili pamoja na abiria, likishuka urefu wa mita 100 kwa kutegemea breki peke yake, huzipa breki hizo joto sawa na la kulisimamisha kabisa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mara nne mfululizo. Kiasi cha asilimia 70 ya kazi hiyo hufanywa na magurudumu ya mbele. Iwapo diski mbili za mbele zina jumla ya kilo 12 na joto lote likabaki ndani yake, zitapanda kwa karibu nyuzi 250 za Selsiasi. Upepo hupunguza sehemu ya joto hilo, lakini mteremko wa pili ukifuata kabla diski hazijapoa, nyuzi 300 si mbali. Dereva anayeweka gia huru ili kuokoa petroli huwa ameuondoa msaada wa injini, na kila kilichobaki kinaziangukia pedi.

Hapo ndipo nyenzo inapoanza kujionyesha.

Kilichomo ndani ya pedi

Pedi za oganiki hutengenezwa kwa nyuzinyuzi, unga wa mpira, madini mbalimbali na gundi ya fenoli, vyote vikashinikizwa kwa joto. Hizi ni laini, hazipigi kelele, haziumizi diski na hushika vizuri hata asubuhi gari likiwa bado baridi. Magari mengi ya Kijapani hutoka kiwandani yakiwa na pedi za jamii hii, ila za daraja la juu. Udhaifu wake ni joto. Gundi ya fenoli ikizidi takriban nyuzi 300 huanza kuungua na kutoa gesi, gesi hiyo hukaa kati ya pedi na diski, na dereva huona anakanyaga breki kwa nguvu zote lakini gari halipungui mwendo. Pedi ya oganiki iliyotengenezwa vizuri huchelewa kufika hapo. Ile ya bei ya chini kabisa, iliyojazwa unga wa kujazia uzito, huwahi.

Pedi za semimetaliki zina chuma kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake: nyuzi za chuma cha pua au cha kawaida, unga wa chuma, wakati mwingine shaba, pamoja na grafaiti ya kulainisha. Zinastahimili joto kubwa zaidi na hudumu muda mrefu chini ya mzigo. Gharama yake hulipwa mahali pengine. Hula diski, hupiga kelele, na zikiwa baridi hazishiki haraka kama za oganiki. Aidha, chuma hupitisha joto kwa wepesi kuelekea kwenye pistoni na oili ya breki. Kwa Bukoba, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, kuna jambo la ziada: nyuzi za chuma za kawaida hushika kutu gari likilala nje kwa siku kadhaa, na pedi huweza kuganda kwenye diski.

Kati ya aina hizo mbili kuna pedi zenye chuma kidogo, asilimia 10 hadi 30, ambazo hutumika sana kwenye magari ya Ulaya. Hushika vizuri lakini hutoa vumbi jingi jeusi kwenye rimu.

Aina ya nne ni seramiki. Hizi zina nyuzi za seramiki badala ya chuma, hazitoi vumbi linaloonekana sana, hazina kelele na diski hudumu. Bei yake ni ya juu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika wakidhani ughali maana yake ni breki kali. Seramiki ya kawaida ya barabarani imekusudiwa starehe na maisha marefu ya diski. Kwenye Harrier ya mwenye ofisi mjini ni chaguo zuri. Kwa HiAce iliyojaa abiria au pikapu ya magunia ya kahawa, semimetaliki nzuri au oganiki ya daraja la juu mara nyingi hufaa zaidi, na fedha inayobaki ikatumika kununua oili mpya ya breki.

Hesabu ya mwenye gari

Kwa mfano wa hesabu tu, Noah inayokwenda Muleba na kurudi mara mbili kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hutembea karibu kilomita 7,000 kwa mwezi, yaani 84,000 kwa mwaka. Ichukuliwe kuwa seti ya bei ya chini ni shilingi 30,000 na hudumu kilomita 14,000, na seti ya bei ya juu ni shilingi 75,000 na hudumu kilomita 42,000. Ufundi uwe shilingi 10,000 kila mara. Seti ya bei ya chini itabadilishwa mara sita kwa mwaka, jumla shilingi 240,000. Ile ya juu mara mbili, jumla shilingi 170,000. Hapo haijahesabiwa nusu siku ambayo gari hulala gereji kila mara.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Kama seti hiyo ya bei ya juu ni semimetaliki kali, na ikala diski mbili za shilingi 200,000 ndani ya mwaka huo huo, gharama hupanda hadi shilingi 370,000 na faida yote huyeyuka. Mwenye gari anayelinganisha bei ya pedi bila kupima diski analinganisha nusu ya gharama. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski nyingi kwa maneno MIN TH na namba ya milimita. Fundi mwenye kipimo hahitaji kubahatisha. Pedi yenyewe hubadilishwa ikibaki milimita 3, si chuma kikianza kulia.

Alama za kusoma kabla ya kulipa

Boksi huweza kuchapishwa popote. Maandishi yaliyo kwenye pedi yenyewe yana manufaa zaidi, ingawa nayo hughushiwa. Kwanza ni herufi mbili zinazofuatana, kama EE, FE, FF au GF. Huu ni utaratibu wa wahandisi wa magari wa Marekani, SAE. Herufi ya kwanza huonyesha msuguano katika joto la kawaida la kazi, ya pili katika joto kali. E ni msuguano wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa miteremko ya Muleba herufi ya pili ndiyo ya kutazamwa. Pedi ya FE hupoteza nguvu ikipata moto, ya FF hubaki katika daraja lile lile. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu maisha ya pedi, na FF ya kiwanda kimoja si lazima iwe sawa na FF ya kingine.

Alama ya pili ni E iliyo ndani ya duara pamoja na namba ya nchi, kwa mfano E1 ya Ujerumani au E11 ya Uingereza, ikifuatiwa na 90R. Hiyo ina maana kwamba pedi ilipimwa chini ya kanuni ya kimataifa namba 90, inayotaka nguvu yake isipishane na ya pedi asilia kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi halali zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huweza kukosa alama hiyo, hivyo kukosekana kwake peke yake si ushahidi wa bidhaa feki. Pedi isiyo na herufi, isiyo na namba ya toleo wala jina la kiwanda ni jambo jingine. Hiyo haina hata pa kuanzia kuulizia.

Mwenye duka na mtaji wake

Kwa mfanyabiashara wa vipuri Bukoba kuna njia tatu za kupata mzigo: Dar es Salaam kwa barabara, zaidi ya kilomita 1,300, Mwanza kwa meli au barabara, na Kampala kupitia Mutukula, ambako eneo la Kisekka limekuwa soko kubwa la spea kwa miaka mingi. Kampala iko karibu zaidi na huwavuta wengi. Ikumbukwe hata hivyo kuwa pedi ya China au Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Uganda kwa sababu imenunuliwa Kampala. Nafuu ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na cheti chepesi cha uasilia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Anayepanga faida yake kwa kudhani vinginevyo huipoteza mpakani.

Bidhaa feki ni hatari kubwa zaidi kwa mtaji. Tume ya Ushindani ina mamlaka chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ya kukamata mali yenye nembo ya kughushi, na mali hiyo huteketezwa. Shirika la Viwango, TBS, nalo husimamia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Mwenye duka asiye na risiti ya alikonunua hubeba hasara peke yake.

Kuhusu aina za kuweka, duka dogo halina sababu ya kujaza rafu za seramiki. Fedha hulala. Magari yanayorudi mara kwa mara ni ya biashara, na hayo yanahitaji daraja moja nzuri ya kati, namba za toleo zilizo sahihi, na viatu vya breki vya nyuma, kwa kuwa HiAce na magari mengi madogo bado hutumia dramu nyuma.

Asbesto

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 pedi na viatu vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, nyenzo isiyoungua na ya bei nafuu. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, mara nyingi miaka 20 au 40 baada ya kulivuta. Japani ilipiga marufuku asbesto kwenye breki mwaka 2004, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, na Marekani ilitoa kanuni ya kuizuia Machi 2024. Si kila nchi inayotengeneza pedi imefanya hivyo, na akiba za zamani bado zimo maghalani. Kwa macho haiwezekani kuitambua. Kwa hiyo fundi anayefungua dramu asipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Alowanishe kwa maji na kufuta kwa kitambaa kinachotupwa.

Oili ya breki

Pedi bora haisaidii kitu kama oili imechoka. Oili hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Kiwango cha DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Oili ikichemka pedali huzama hadi chini bila breki kushika, na abiria hawatajua kama kosa lilikuwa la pedi au la chupa ambayo haikununuliwa. Kwa magari ya abiria ya njia ya Muleba, oili ibadilishwe kila baada ya miaka miwili au mapema zaidi, na mwenye gari anayehamia kwenye pedi za semimetaliki aibadilishe siku hiyo hiyo.

Pedi mpya zikishafungwa, safari ya kwanza isiwe ya kushuka Kamachumu na mzigo. Zinahitaji kupunguza mwendo taratibu mara 10 hadi 20 kwenye barabara tambarare, kwa kuziachia nafasi ya kupoa kila mara, ili uso wake ulingane na diski.