Tiba ya mazungumzo: ipi inafanya kazi?

Tuseme una rafiki, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tangu afeli somo moja halali vizuri, haendi darasani, na simu za mama yake hapokei. Daktari amesema ni sonona, aanze tiba ya mazungumzo. Sawa, lakini ipi? Aina ziko nyingi, na kila moja inalitafuta tatizo mahali pake.

Mtaalamu anayefuata njia iliyoanzishwa na Sigmund Freud kule Vienna atarudi nyuma, utotoni: nani alimfanya aamini kwamba akikosea hapendwi? Kazi hii yaweza kuchukua miezi, hata miaka.

Mfuasi wa Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyebuni njia yake miaka ya 1960, ataanza na leo. Rafiki yako anajiambia "mimi si lolote". Haya, ushahidi uko wapi? Atapewa kazi ya nyumbani: ayaandike mawazo hayo, ayapime, kisha arudi darasani kidogo kidogo.

Wa tatu, wa tiba ya mahusiano, atauliza kuhusu zile simu. Yeye hushughulika na misiba, migogoro na mabadiliko ya maisha.

Nani mshindi? Kwa sonona, tafiti nyingi zinazolinganisha tiba hizi hukuta tofauti ndogo. Huenda ni kwa sababu zote zina mambo fulani ya pamoja: kusikilizwa, kuaminiana, kuwa na mpango. Ila si kila tatizo liko hivyo. Kwa anayeogopa lifti kupita kiasi, kinachosaidia zaidi ni kuizoea hatua kwa hatua, si kuizungumzia tu.

Na si lazima uwe Vienna. Utafiti wa Uganda uliochapishwa 2003 ulihusisha vijiji 30 vya Rakai na Masaka. Wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili waliongoza vikundi vya tiba ya mahusiano kwa wiki 16. Mwishoni, waliokuwa bado na sonona ni asilimia 6.5; kwenye vijiji visivyopata tiba hiyo, asilimia 54.7.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako asihangaike sana na jina la tiba. Siku ya kwanza aulize: tutafanya nini hapa, na tutajuaje kama inanisaidia? Vikao kadhaa vikipita bila nafuu, aseme. Kubadili njia si kushindwa. Na akianza kuwaza kujidhuru, asisubiri kikao kijacho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.