Hakuna Mwanafunzi wa Sikio

Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Namakwekwe, Mbale, akikwambia kwamba yeye haelewi kwa kusoma bali kwa kusikiliza, usimbishie upesi, lakini usimwamini upesi pia. Wazo hilo lina wenyewe. Mwaka 1992 Neil Fleming wa New Zealand, akiwa na Colleen Mills, alilieleza dodoso la VARK, linalowapanga watu kwa njia wanazozipendelea: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, au kutenda. Kufikia 2004, Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza walikuwa wamehesabu nadharia 71 za mitindo ya kujifunza. Wingi huo peke yake unatia shaka, kwani aina za wanafunzi zingekuwa dhahiri kiasi hicho, wataalamu wasingezigawa kwa namna 71. Kuipima dhana yenyewe si kazi ngumu. Wapange wanafunzi kwa mitindo yao, kisha nusu ya kila kundi wafundishwe kwa njia waipendayo na nusu kwa njia nyingine, halafu wote wafanye mtihani mmoja. Harold Pashler na wenzake walitafuta ushahidi wa aina hiyo mwaka 2008. Tafiti zilizopangwa hivyo zilikuwa chache mno, na kadhaa kati yake ziliipinga nadharia waziwazi. Mwaka 2015 Beth Rogowsky na wenzake waliwapa watu wazima matini ileile, wengine waisikilize, wengine waisome. Waliopenda kusikiliza hawakufaidika zaidi kwa kusikiliza.

Basi yule kijana wa Namakwekwe anasema uongo? Hasha. Anasema kweli kuhusu hali yake, ila sababu anayoitaja siyo. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya mahali pao, kisha darasa la nne ndipo waanze kuhamia Kiingereza. Mbale ni mji wa Wagisu, Wagwere, Wateso na wengine, na mtoto anaweza kuongea Lumasaba nyumbani, Kiluganda mtaani na Kiswahili kidogo sokoni. Mwalimu anapoeleza somo, hurudia, huchora ubaoni, hupenyeza maneno ya kwao pale anapoona nyuso zimeduwaa. Kitabu hakifanyi hivyo. Ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo anayejiona ni mtu wa sikio huenda ni mtu ambaye Kiingereza cha kitabuni bado hakijamkaa. Hilo ni pengo, na pengo huzibwa. Akiambiwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, atakiweka kitabu pembeni, na karatasi ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, haitamsomea maswali kwa sauti.

Wako watakaosema kwamba watu hawafanani. Ni kweli, na tofauti hizo ni nzito: mmoja anajua mengi ya somo kabla hajaingia darasani, mwingine haoni vizuri na anahitaji miwani. Hata hivyo, njia ya kufundishia huamuliwa kwanza na somo lenyewe. Vijana wa Bugisu hujifunza ngoma ya kadodi kwa kuicheza, bila kuulizwa kama ni watu wa mikono, kwa sababu ngoma haina njia nyingine. Vivyo hivyo, kuelewa kwa nini mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 kunahitaji ramani yenye mistari ya kontua, ionyeshe maji yanavyoporomoka kutoka Mlima Elgon, na pia maelezo ya mvua na udongo ambayo ramani haiwezi kuyasema. Mwenye kupenda picha na mwenye kupenda maneno wanavihitaji vyote viwili.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba mtu ndiye anayejijua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani matini fupi mbili. Moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika walichokikumbuka bila kuitazama. Kwa waliopimwa baada ya dakika tano, matini iliyosomwa mara mbili ndiyo iliyokumbukwa zaidi, asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Katika jaribio lao la pili, waliosoma tu tena na tena ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka. Hisia ya kuelewa, kumbe, ni shahidi dhaifu, na dodoso lolote la mitindo humhoji shahidi huyohuyo. Anayetaka kujua kinachomfaa achukue mada mbili za uzito mmoja. Moja aisome mara kadhaa, nyingine aisome mara moja, afunge kitabu na kuandika anachokumbuka, hata kwa Lumasaba kwanza na Kiingereza baadaye, kisha afungue aone alichoacha. Wiki ikipita, ajitungie maswali kumi kwa kila mada, ayajibu, na kusahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu.